TAKATAKA ILIYOCHAMBULIWA NI KAZI YA MTU, NA ILIPWE

Ndugu wafanya kazi wa bustani na vitalu vya miche,

Katika mkutano uliopita wa tawi letu liliulizwa swali moja ambalo halikupata jibu, kwa maana saa zilikuwa zimekwisha na watu walikuwa wakikimbilia matatu. Swali lilikuwa hili: wale wanaozunguka na mikokoteni Jericho, Maringo, Umoja na Dandora wakikusanya takataka milangoni, na ambao wengine wao hutuletea maganda na majani ya kutengeneza mbolea, je, ni wafanya kazi kama sisi, waingie katika chama hiki, ama si wafanya kazi?

Ndugu mmoja alisimama akasema, "Hao ni watu wa taka. Chama hiki ni cha watu wa kazi." Wengi wakacheka. Mimi sikucheka. Nimeomba nafasi katika karatasi yetu hii nitoe maoni yangu, na yeyote asiyekubali naye aandike, maana karatasi hii ni ya memba wote.

Maoni yangu ni haya kwa ufupi. Mbolea nzuri haianzi shambani. Inaanza jikoni, pale mtu anapotenga ganda la ndizi lisichanganyike na chupa iliyovunjika. Kutenga huko, na kubeba kilichotengwa, ni kazi. Tukiilipa kazi hiyo tutapata mbolea safi. Tusipoilipa tutalipa kwa njia nyingine, na mimi nimekwisha kuona namna inavyolipwa.

Nisikieni. Katika kitalu ninachofanya kazi, kando ya barabara kubwa huku Eastlands, tajiri wetu aliona samadi inayoletwa kwa lori kutoka Kajiado imepanda bei. Akapata mtu wa kumwuzia udongo mweusi kwa bei rahisi sana. Udongo ule ulikuwa mzuri wa macho: mweusi, mwepesi, unabomoka mkononi. Hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Mimi nilijua. Ulikuwa umechimbwa jaani. Nilinyamaza kwa kuogopa kufutwa kazi, na jambo hilo naliandika hapa bila kujificha, kwa maana nisipolisema sina haki ya kuwaambia wengine waseme.

Siku ya tatu mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, alikuwa akijaza udongo ule katika viplastiki vya miche kwa mikono mitupu, kama tunavyofanya sote. Kipande cha chupa kikampasua kiganja. Katika gunia lile lile tulikuta betri za tochi zilizooza, wembe, na sindano ya hospitali. Tajiri alimpa nauli ya matatu akamwambia arudi akipona. Alikaa nyumbani majuma matano bila mshahara. Na miche ile? Mingi iligeuka rangi ya manjano ikafa, na baadhi ya wanunuzi wakarudi kudai pesa zao. Hesabu ya udongo rahisi ikawa hiyo: mkono wa mama, miche, na jina la kitalu.

Nani alikosa? Tajiri alikosa. Mimi nilikosa. Lakini tazameni nyuma zaidi. Ile chupa na yale maganda yaliyooza yakawa udongo yalitupwa katika pipa moja, katika nyumba ya mtu, pengine Buruburu, pengine Kayole. Siku ile, kuvitenga kungechukua nukuta moja tu: hiki huku, kile kule. Baada ya kuchanganyika na kukaa jaani miaka, hakuna chekeche duniani liwezalo kuvitenga tena. Chupa waweza kuiokota. Maji ya betri yaliyoingia katika udongo huwezi kuyaokota.

Tena jaa hilo tunalijua wote, maana moshi wake twauvuta. Jaa la Dandora lilianza kutumiwa katika mwaka wa 1975. Ni zaidi ya ekari 30, kando ya mto wa Nairobi, na Korogocho iko ng'ambo. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, na bado lori ziliendelea kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake hapa hapa Nairobi, Gigiri, lilitoa habari za uchunguzi wa watoto 328 waliokaa karibu na jaa hilo. Karibu nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiasi kilichokubaliwa. Madini hayo hudhuru akili ya mtoto na hayaonekani kwa macho. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa hilo liondolewe. Basi ndugu, mtu akikuletea udongo mweusi wa bei rahisi, kabla ya kuushika kumbuka damu ya watoto wale. Sukuma wiki hufyonza kilichomo katika udongo, na anayeila ni mtoto wako na wangu.

Sasa jambo la kustaajabisha ni hili. Nairobi hutoa zaidi ya tani 2,000 za takataka kila siku, na zaidi ya nusu ni vitu vya kuoza: maganda ya viazi, majani ya kabeji, mabaki ya ugali, uchafu wa masoko ya Muthurwa na Wakulima. Vitu hivyo vikitupwa jaani katika rundo lisilopata hewa hutoa gesi inayoshika moto, na moto huo ndio moshi wa Dandora. Vikitengwa vikiwa safi ni mbolea. Yaani mwenye nyumba wa Umoja hulipa ili ganda liondolewe, na tajiri wa kitalu, nusu maili kutoka hapo, hulipa lori la samadi litoke Kajiado. Katikati yao amesimama kijana na mkokoteni wake, ambaye angeweza kulichukua ganda kwa huyu na kulipeleka kwa yule, na wote wawili humwita mtu wa taka.

Wengine watasema kwamba kutengeneza mbolea ni mambo ya wasomi. Sivyo. Sisi tulianza baada ya ajali ile, na hivi ndivyo tunavyofanya. Tunaweka rundo lenye upana wa meta moja na kimo cha meta moja, si dogo zaidi, maana rundo dogo halipati moto. Kwa kila debe moja la vitu vibichi tunatia madebe mawili au matatu ya vitu vikavu: majani yaliyokauka, mabua, maboksi yaliyochanwa. Unga wa mbao kutoka kwa maseremala tunatia kidogo tu, kwa sababu ukizidi hula nguvu ya mbolea. Na mbao zilizotiwa dawa hatutaki kabisa. Tukipata samadi ya kuku tunatia. Tunamwagia maji mpaka rundo liwe kama kitambaa kilichokamuliwa. Nyama na mifupa hatutii, maana huleta panya, na majirani watatushtaki.

Baada ya siku chache rundo hupata moto. Ukichoma chuma katikati, ukingoje kidogo, ukakichomoa, ni lazima kiunguze kiganja. Moto wa digrii 55 mpaka 65 ndio unaoua mbegu za magugu na vijidudu vya magonjwa. Moto ukipungua tunageuza kwa fokojembe. Mbolea ikiwa tayari, baada ya miezi mitatu hivi, hainuki uvundo bali hunuka kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Rundo hupungua likawa chini ya nusu, kwa hivyo msishangae.

Wako pia wanaotumia mabuu ya nzi askari mweusi. Wataalamu wa icipe, kituo cha kuchunguza wadudu kilicho Kasarani, wameyachunguza sana. Mabuu hula mabaki kwa upesi, kisha huwa chakula cha kuku na samaki, na kinachobaki huwa mbolea. Ni kazi nzuri, lakini nayo ina sharti lile lile: mabaki yatoke jikoni yakiwa yametengwa. Mabuu hayali plastiki.

Hivi basi, kila njia inaturudisha kwa yule kijana wa mkokoteni. Sasa nijibu maneno ya wanaopinga.

Kwanza, matajiri wetu husema: "Kwa nini nilipe takataka? Takataka ni bure." Mimi namwuliza tajiri: je, maji ya mtoni si bure? Na unapoyaletewa shambani hulipi? Ganda ni bure, ndiyo, lakini kulitenga, kulipima na kulifikisha kabla halijaoza vibaya si bure. Kwa mfano tu, tuseme tajiri analipa shilingi kumi kwa kila debe lililo safi, na halipi kitu kwa debe lenye chupa au plastiki ndani. Kijana atachunga debe lake kama mwuza maziwa anavyochunga mtungi wake. Naye atamwambia mama wa nyumbani, "Mama, tafadhali, haya weka kando." Bei nzuri hufundisha kuliko mabango.

Pili, wapangaji husema: "Hiyo ni kazi ya kaunti." Ni kweli kaunti ina wajibu, na sisi hatutaiachia. Sheria ya mwaka 2022 ya kusimamia takataka inataka kila mtu atenge vitu vya kuoza na vitu vikavu, na inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambua na kuokoa mali iliyomo. Mwaka 2024 NEMA iliagiza kwamba taka za kuoza zisitiwe katika mifuko ya plastiki ya kawaida. Haya ni mazuri katika karatasi. Lakini tazama ploti yenye vyumba ishirini na pipa moja: mpangaji atatenga wapi? Na akitenga katika ndoo mbili, kisha lori likaja likamwaga ndoo zote mbili pamoja mbele ya macho yake, je, kesho atatenga? Hatatenga. Na hana lawama. Kwa hivyo sheria bila mtu wa kupokea kilichotengwa ni maneno matupu, na mtu huyo wa kupokea ndiye tunayemzungumza.

Tatu, na haya ndiyo yaliyoniuma, ni maneno ya ndugu yetu: "Hao si watu wa kazi." Wanaamka saa kumi ya usiku. Wanasukuma mzigo mzito kutoka Kariobangi mpaka Jogoo Road. Hawana glavu, hawana gambuti, hawana daktari. Ikiwa hiyo si kazi, basi mimi sijui kazi ni nini.

Ndugu, sisi wa Eastlands tusiwe wepesi wa kusahau. Tarehe 1 Mei 1949 Makhan Singh na Fred Kubai na wenzao walianzisha East African Trade Union Congress, na serikali ya wakoloni ilikataa kuiandikisha. Mwezi wa Aprili 1950 watu walikutana katika ukumbi wa Kaloleni, na hapo uhuru ulidaiwa wazi wazi. Ukumbi huo ungaliko, na wengi wetu tunaupita kila siku. Watu wale waliambiwa nini? Waliambiwa, ninyi hamjulikani, chama chenu si chama. Na hata sisi wa bustani, ni mara ngapi askari wa mji walikata mahindi ya mama zetu wakisema kulima mjini ni uchafu? Ilikuwa mpaka mwaka 2015 ndipo kaunti ilipotunga sheria ya kukuza kilimo cha mjini. Leo tumejulikana, nasi tunataka kumwambia mwingine, wewe hujulikani. Haifai.

Kama mnafikiri jambo hili haliwezekani, tazameni Bara Hindi, katika mji wa Pune. Huko waokota taka, wengi wao wanawake, waliunda chama chao cha wafanya kazi katika mwaka wa 1993. Mwaka 2008 ushirika wao unaoitwa SWaCH ulifanya mapatano na baraza la mji ili wakusanye takataka mlangoni na walipwe ada na wenye nyumba. Walipewa vitambulisho. Hawakungoja kuonewa huruma. Walikusanyika wakaongea bei. Hata hapa kwetu, mwezi wa Machi 2022, mataifa yalipokutana Gigiri na kukubaliana kuandika mkataba juu ya plastiki, azimio lao lilitambua mchango wa wafanya kazi wasio rasmi wanaokusanya na kuchambua. Ikiwa mataifa yamewatambua Gigiri, tawi letu litashindwa kuwatambua Makadara?

Na Katiba yetu ya 2010 haikuficha. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanya kazi haki ya kujiunga na chama. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Vifungu hivi viwili vimefuatana, wala mimi sioni sababu ya kuvitenganisha.

Lakini kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, tusafishe uwanja wetu. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza tarehe 28 Agosti 2017, na bado katika vitalu vyetu viplastiki vya miche vimetapakaa mpaka mtaroni. Mnunuzi akipanda mche wake, mwambie arudishe kiplastiki, na umpunguzie bei kidogo akija tena. Paketi za maziwa zilizosafishwa zinafaa kuoteshea. Magunia makuukuu yanafaa kupandia sukuma wiki. Jerikeni iliyopasuka inafaa kuwa kisanduku cha miche. Ila chupa za dawa ya wadudu msimpe mtu yeyote azitumie nyumbani, hata akiomba sana. Zioshwe mara tatu, maji yake yamiminwe katika bomba la kunyunyizia dawa, kisha zitobolewe ili asiweze kuzitilia mtoto maji.

Kwa hivyo naleta mambo matano, yajadiliwe katika mkutano ujao na kupigiwa kura:

1. Kwamba tawi letu liwafungulie mlango wakusanyaji wa takataka za mitaa yetu, waandikishwe kama memba kwa kiingilio kile kile na haki zile zile.

2. Kwamba viongozi wetu wazungumze na matajiri wa vitalu juu ya bei moja ya debe la vitu vya kuoza vilivyotengwa safi, ili kijana asichezewe huku na huku.

3. Kwamba memba yeyote akiletewa udongo wa jaani aukatae, na chama kizima kisimame nyuma yake. Mtu mmoja akikataa peke yake atafutwa. Mimi ni shahidi wa hofu hiyo.

4. Kwamba tajiri atoe glavu na gambuti kwa kila anayeshika mbolea, na gharama ya sindano ya pepopunda. Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 inamtaka kumlinda mfanya kazi, na sheria ya fidia ya mwaka huo huo inamtaka kumlipa aliyeumia kazini. Yule mama wa kiganja hakuijua sheria hiyo, na sisi tulioijua hatukumwambia kwa wakati.

5. Kwamba tuandike barua kwa kaunti kudai ndoo mbili katika kila ploti, na lori lisilochanganya kilichotengwa.

Najua wako watakaosema nimeleta mambo mengi kwa jambo dogo la maganda. Haidhuru. Yule mama amerudi kazini. Kidole gumba chake hakikunji vizuri, kwa hivyo hawezi tena kujaza viplastiki kwa upesi wa zamani, na sisi hulipwa kwa hesabu ya viplastiki. Kila jioni anapokea pungufu kuliko sisi, kwa sababu ya chupa iliyotupwa na mtu asiyemjua. Siku ya mkutano atakuwepo. Ndugu aliyesema wale si watu wa kazi naye namwomba aje, akae karibu naye, ndipo tupige kura.

Haba na haba hujaza kibaba, na debe kwa debe hujaza kitalu. Umoja ni nguvu.

Ni mimi mwenzenu katika kazi,

MEMBA WA KITALU,
Jericho, Nairobi.